Wembe Hakucheka

Mume wangu akikuambia mvua inanyesha, toa mkono dirishani kwanza. Nimeishi naye miaka mingi na bado hunikamata. Wateja wake wanamwita Wembe, na mimi wananiita shemeji, kwa sababu kila anayekalia kiti chake hutoka pale akijiona ni ndugu yake. Duka letu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele ananyoa yeye, nyuma nasuka mimi. Sauti zinapita kwenye pazia, macho hayapiti.

Aliwahi kumwambia bwana harusi mmoja, siku yenyewe ya harusi, kwamba mashine imemponyoka na kumchimba shimo kisogoni. Maskini yule alikaribia kulia. Mwingine alipewa kioo kilichobandikwa picha ya mbuzi. Huyo ndiye Wembe. Lakini mizaha yake ina sheria moja, na mtaa mzima unaijua: yeye ndiye wa kwanza kucheka. Hawezi kujizuia. Kabla hujashika kioo mabega yake yameshaanza kutikisika, halafu kinatoka kile kicheko chake kama pampu mbovu ya baiskeli, na wengine wote wanafuata.

Corona ilimlaza wiki chache kabla ya siku ninayoisimulia. Alikohoa, akachemka, pua yake ikawa haisikii hata sufuria inayoungua. Tulifunga duka, nikamuuguza. Alipopona akaanza kutamba: "Corona imenionja, ikanitema." Sawa, ilimtema, ila kichwa kiliendelea kumuuma. Kila jioni alikuwa anakishika kwa mikono miwili. Nilimwambia aende akaonwe, akanijibu kwamba kichwa cha kinyozi kina haki ya kuuma kwa jinsi kinavyoona vichwa vibaya kutwa. Nikamwacha. Mtu mzima hawekwi mgongoni akapelekwa hospitali.

Asubuhi ya siku hiyo alinitilia chumvi kwenye chai. Mimi, niliyemchemshia maji na kumpangusa jasho wiki zile zote, ndiye wa kutiliwa chumvi! Nilimmwagia maneno yote niliyokuwa nayo, kisha nikanuna. Tulikwenda kazini kila mmoja na upande wake wa barabara. Nilipofika nililivuta pazia mpaka mwisho, nikaapa kwamba siku hiyo hatanisikia hata nikikohoa.

Asubuhi ikasonga. Nilikuwa nasuka kichwa cha dada mmoja wa benki niliposikia vicheko kule mbele. Kicheko cha juu kilikuwa cha Mzee Redio. Huyu ni mstaafu anayekuja kila siku na redio yake ndogo, anakaa kwenye benchi la mlangoni mpaka tunafunga, na hajawahi kunyolewa kwa sababu hana hata unywele mmoja. Cha pili kilikuwa cha dereva wa teksi, mteja wetu wa siku nyingi.

"Wembe, leo umevuka mpaka!" dereva alisema.

"Shemeji!" Mzee Redio akaita. "Hebu toka uone mumeo alichofanya!"

Sikutoka. Niliuma meno, nikaendelea na msuko wangu. Mtu amenilisha chumvi asubuhi halafu nikamshangilie? Lakini masikio hayana pazia. Nikawa nasikiliza bila kutaka, na kuna kitu hakikukaa sawa. Kicheko cha Mzee Redio kilikuwepo, cha dereva kilikuwepo. Pampu ya baiskeli haikuwepo.

Halafu nikamsikia Wembe mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Mnacheka nini?"

Nikaachia nywele za watu, nikafungua pazia.

Dereva alikuwa kitini, kitambaa cha kunyolea kimefungwa shingoni, kioo mkononi. Upande wake wa kulia ulikuwa umenyolewa vizuri sana, mstari wa ndevu umenyooka, sikio limezungushwa safi. Upande wa kushoto ulikuwa vilevile alivyotoka nao nyumbani, nywele na ndevu zake zote. Wembe alisimama nyuma yake, barakoa usoni, mashine inanguruma mkononi.

"Nimekumaliza," akasema. "Safi kabisa. Nani anafuata?"

"Basi bwana, umeshinda," dereva akasema, bado anacheka. "Malizia, nina abiria wa kumchukua."

"Nimalizie nini?"

Nilimtazama macho. Nayajua macho ya Wembe akiwa na mzaha, na yale hayakuwa hayo. Yalikuwa yameelekea upande wa kulia tu. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, karibu kabisa, nikamwita. Akageuza kichwa kulia, akanitafuta kwenye rafu ya mafuta, akanitafuta ukutani.

"Bosi?" Ndivyo anavyoniita mimi. "Uko wapi?"

Nilimshika mkono wa kushoto. Ulikuwa unaning'inia tu, na chanuo limeanguka sakafuni chini yake. Niliubana vidole kwa nguvu, hakushtuka. Nikaishusha barakoa yake. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja, na barakoa ilikuwa imelowa mate. Kumbe muda wote walipokuwa wanacheka, kile kitambaa kilikuwa kinawaficha uso wake.

Vicheko vilikatika. Mzee Redio akaizima redio yake, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya.

"Hicho ni kiharusi," akasema kwa sauti ndogo. "Walisema redioni. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, usikae kungoja."

"Twende hospitali," nikamwambia mume wangu.

"Kufanya nini? Mimi siumwi."

"Mkono wako haufanyi kazi."

"Mkono uko sawa, huu hapa," akasema, akainua wa kulia. Aliamini kabisa. Hilo ndilo lililoniogopesha, kwamba hakuwa anabisha. Hakujua.

Dereva aliinuka kumshika. Wembe alimsukuma kwa ule mkono mmoja, na mashine bado inanguruma ndani yake, tukarudi nyuma wote watatu. "Nisishikwe! Nilikwenda juzijuzi, wakanichoma pua kwa kijiti. Siendi tena." Alikuwa amekasirika kwelikweli, na maneno yake yalikuwa yameanza kuteleza. Nilijua kila tunachobishana hapo kinamla. Kumburuta kulikuwa vita, na vita hiyo tusingeimaliza haraka.

Mimi sijui kufanya mzaha. Siku hiyo nilifanya mmoja.

"Kuna mgonjwa hospitali," nikamwambia. "Anataka kunyolewa. Amekutaja wewe."

Akatulia. Wembe hajawahi kumkatalia mgonjwa. Huwa anakwenda wodini na mkoba wake kunyoa watu wasioweza kuinuka, na huko hatanii mtu.

"Sasa mbona hukusema? Ni mzee?"

"Mtu wa makamo. Ana maneno mengi."

"Nywele zake zikoje?"

"Mbaya."

Akazima mashine, akachukua mkoba wake kwa mkono wa kulia, akaelekea mlangoni. Bega lake la kushoto liligonga fremu ya mlango kwa kishindo, wala hakugeuka kutazama. Dereva akamwahi upande huo. Mabega yangu mimi yalikuwa yanatikisika, na hakikuwa kicheko. Dada wa benki alibaki na nusu ya msuko wake, Mungu ambariki, akasema atafunga duka.

Dereva aliendesha na kitambaa chake shingoni na nusu kichwa chake. Kwenye taa za barabarani watu wa magari mengine walimwonyesha kidole wakicheka. Aliteremsha kioo, akapaza sauti, "Nichekeni kesho, leo nipisheni!" Wakampisha. Nyuma, Wembe aliegemea dirisha la kulia na kuuliza tena mgonjwa ni nani. Nikamwambia atamjua akimwona. Akauliza tena. Kila alipouliza, maneno yalikuwa mazito zaidi.

Hospitali hawakutuchelewesha. Muuguzi alimtazama mdomo tu, akaita kitanda. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa juu ya barakoa. Alimwambia ainue mikono yote miwili, ukainuka mmoja. Wakamkimbiza kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, nami nikabaki nimekumbatia mkoba wa kunyolea.

Daktari aliporudi alinivuta pembeni. "Mama, damu haijavuja, na hiyo ni habari nzuri. Kuna donge la damu limeziba mshipa, upande wa kulia wa ubongo. Ndiyo maana upande wa kushoto umempotea. Si mkono wake tu. Kila kitu kilichoko upande huo, kwake hakipo. Aliugua corona karibuni?"

Nikamweleza.

"Virusi hivi kwa watu wengine vinaifanya damu igande kirahisi, hata kikohozi kikiwa kimeisha. Si kwa wote. Kwake inaelekea imetokea." Alisema haraka lakini hakunikimbiza. "Tunayo dawa ya kuyeyusha donge. Ina masharti. Tunaitoa ikiwa hazijapita saa nne na nusu tangu kiharusi kianze. Zikishapita, dawa ileile inaweza kumvujisha damu kichwani na kumuua. Kwa hiyo nataka unijibu kitu kimoja. Mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa lini? Sio mlipogundua. Alipokuwa mzima."

"Asubuhi, kwenye chai. Alinitilia chumvi."

Daktari aliinua macho. "Alikosea?"

"Hapana. Alicheka kabla sijameza."

Alielewa, akatazama saa ya ukutani, akatikisa kichwa. "Hapo ni mbali mno. Muda umepita. Baada ya chai?"

Baada ya chai nilikuwa nyuma ya pazia, hatua chache kutoka alipo, nimenuna. Sikumsemesha, sikumtazama. Mume wangu angeweza kuwa amepatwa saa yoyote ile asubuhi yote, na mimi nilikuwa nimekaa pale nasikiliza kama atakuja kuomba radhi.

"Hatukuwa tunazungumza," nikasema.

"Kuna mwingine aliyezungumza naye? Nikikosa jibu la uhakika siwezi kumpa. Na kila tunavyongoja, sehemu ya ubongo wake inakufa."

Nilimtazama dereva aliyekuwa amesimama kwenye korido, nusu mtanashati, nusu kichaka. Hapo ndipo akili ilinijia. Wembe hakuwa amezungumza na mimi, lakini alikuwa amenyoa. Kazi yake ilikuwa inatembea mtaani juu ya mabega ya watu.

"Ulimkuta nani kitini?" nikamuuliza dereva.

"Mwalimu Mkuu. Nilipoingia yeye alikuwa anatoka. Mimi nilisinzia kitini, sikuzungumza na Wembe."

Nikampigia Mzee Redio. Kabla hajaniuliza hali ya mgonjwa nikamkatiza. "Mwalimu Mkuu alitoka dukani saa ngapi?"

"Saa tano. Taarifa ya habari ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, alisimama mlangoni akasikiliza kidogo."

"Kichwa chake kilikuwaje?"

"Shemeji, nilikuwa nasikiliza habari. Halafu unajua yule, akishanyolewa tu anavaa kofia yake."

"Nenda shuleni. Mvue kofia, mpige picha, unitumie. Upande wa kushoto."

"Mimi? Na goti hili?"

"Mzee, kimbia!"

Daktari alikwenda kuitayarisha dawa, ili jibu likija isiwe tena kutafutana. Mimi nikarudi kitandani. Nilikaa upande wa kushoto, kwa sababu kulia kulikuwa na muuguzi na mirija yake, nikaushika ule mkono uliolala. Wembe alikuwa anatazama ukuta wa kulia.

"Sista," akamwambia muuguzi kwa ulimi mzito, "mgonjwa wangu yuko wapi? Na mke wangu je? Ameniacha?"

"Niko hapa," nikasema. "Nimekushika mkono."

Alitafuta sauti yangu kulia, akaikosa, akafumba macho.

Niliogopa. Sijui kulisema kwa namna nyingine. Niliwaza, kama Mwalimu Mkuu naye amenyolewa nusu, itabidi nimtafute aliyekuwa kabla yake, kisha aliyekuwa kabla ya huyo, nirudi nyuma kichwa kwa kichwa mpaka asubuhi ya chumvi, na huko hakuna dawa. Na kuna watu ambao wangenyolewa nusu, wakacheka, wakaenda zao, maana ni Wembe huyo, ana mambo yake.

Simu ikalia. Picha. Mwalimu Mkuu mezani kwake, kofia mkononi, amekunja uso kama amekamatwa na kosa. Upande wa kulia, safi.

Upande wa kulia! Nilipiga nikapayuka mpaka muuguzi akanitazama. "Kushoto, Mzee! Kushoto kwake yeye, si kwako wewe!"

Akajibu mwingine. "Shemeji, haya ni mambo gani?" Alikuwa Mwalimu Mkuu mwenyewe. "Nina wazazi hapa ofisini, na huyu mzee ameingia anahema, ananivua kofia."

"Mwalimu, geuza kichwa. Wembe anakufa. Geuza kichwa tu."

Hakuuliza tena. Picha ya pili ilifika, nami sikuweza kuitazama. Nilimpa daktari simu. Aliivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa, akaikagua kuanzia kisogoni hadi kidevuni, kisha akaniwekea mbele ya macho kwa nguvu. Mstari ulikuwa umenyooka. Sikio lilikuwa limezungushwa. Hakuna unywele hata mmoja uliosahauliwa.

"Huyu kanyolewa na mtu anayeona pande zote mbili," akasema. "Saa tano, una uhakika?"

"Mzee Redio anaweza kukosea siku. Saa ya habari hakosei."

"Na huyu ndiye aliyefuata?"

Dereva alisimama wima mlangoni kama anakaguliwa gwaride. Daktari alimtazama kulia, akamtazama kushoto.

"Basi muda tunao," akasema. "Mama, nikuambie ukweli. Hata ndani ya muda, kuna wachache wanaovuja damu kwa dawa hii, na katika hao kuna wanaokufa. Na kuna wengine haiwasaidii. Nimpe?"

"Mpe."

Dawa yenyewe haikuwa na cha kutazama. Maji tu kwenye mrija. Daktari alikuja, akamwambia ainue mkono wa kushoto. Haukuinuka. Akaenda, akarudi, akamwambia tena. Haukuinuka. Kila alipofika alimmulika macho na kumuuliza kama kichwa kimezidi kuuma, na mimi kila mara nilikuwa nangoja aseme ndiyo. Katikati ya hayo nilizungumza na mume wangu. Nilimwambia kila nilichomnyima tangu asubuhi. Nilimwambia chai ilikuwa mbaya sana. Nilimwambia akipona anaweza kunitilia chumvi mpaka kwenye maji ya kuoga.

Nilidhani amelala. Halafu kidole chake kidogo kilisogea ndani ya kiganja changu. Sikumwambia mtu, niliogopa kuwa nimejitengenezea mwenyewe.

Mlango ulifunguliwa taratibu. Alikuwa dereva, kitambaa cha kunyolea amekikunja vizuri mkononi, nusu kichwa chake vilevile. Mwenye gari alikuwa anampigia simu, akasema, alitaka tu kuaga na kujua hali. Mlango ule ulikuwa upande wa kushoto wa kitanda.

Wembe alifungua macho. Yalikuwa kulia, kwenye ule ukuta wake. Kisha yakaanza kuja. Yalikuja polepole, yakafika katikati, pale ambapo yalikuwa yanakwama tangu asubuhi, yakasimama. Yakavuka.

"Bosi," akasema. Alikuwa ananitazama mimi.

Kabla sijamjibu macho yake yalipita juu ya bega langu, yakatua mlangoni. Alimtazama dereva kwa muda mrefu, akakunja uso.

"We," akasema, ulimi bado mzito. "Nani kakunyoa hivyo?"

Dereva alinitazama, hajui acheke au alie. "Ni wewe, Wembe."

"Mimi?" Akatazama tena, upande ulionyolewa, upande usionyolewa, upande ulionyolewa. "Mimi niache kichwa cha mtu hivyo?"

Bega lake la kulia lilianza kutikisika. La kushoto halikutikisika, na mkono ule mpaka leo haujarudi wote, chanuo bado linamponyoka. Lakini ile pampu ilianza kuvuta, dhaifu, ya upande mmoja, na muuguzi akageuka kutazama ni kitu gani. Dereva akafuata. Mimi nilikuwa wa mwisho kucheka, kwa sababu nilikuwa bado nalia.